Sura ya Tano: Breki Kwanza, Injini Baadaye

Fiat Nuova 500 ilipoanza kuuzwa Italia Julai 1957, ilikuwa na injini ya silinda mbili inayopozwa kwa upepo, cc 479, nguvu farasi 13. Uzito wa gari zima haukufika kilo 500, na mwendo wake wa mwisho ulikuwa kilomita 85 kwa saa. Mhandisi wake, Dante Giacosa, aliikusudia kwa familia ambazo hadi wakati ule zilitembelea skuta. Kwa mwendo huo, breki za dramu kwenye magurudumu yote manne zilitosha kabisa.

Sasa chukua injini ya Yamaha R1 ya mwaka 1998: silinda nne, cc 998, nguvu farasi zipatazo 150. Watu wawili wanaibeba pamoja na giaboksi yake, kwa kuwa vyote vimo ndani ya kasha moja. Ukikata hapa na kuchomelea pale, inaingia nyuma ya Fiat 500, na gari lililotoka kiwandani na farasi 13 linapata zaidi ya mara kumi na moja ya nguvu zake. Si ajabu kwamba mafundi wengi wa Ulaya wameipenda kazi hii na kuifanya kwenye Fiat 500, Fiat 126 na Mini.

Sura hii ni ya msomaji anayetaka kuielewa kazi hiyo, na hata anayekusudia kuifanya kwa mikono yake. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: gari la namna hii hujengwa kuanzia kwenye breki. Gurudumu linaamua ukubwa wa diski, diski inaamua mwendo unaoweza kuuzima salama, na mwendo huo ndio unaokuambia ununue injini gani. Anayeanza na injini hujikuta anatafuta breki za kulazimisha mahali ambapo nafasi imekwisha.

Wazo la siku nyingi

Kutia injini ya pikipiki ndani ya gari si jambo jipya. Mwaka 1946, huko Surbiton, Uingereza, Charles Cooper na mwanawe John walichukua sehemu za mbele za Fiat Topolino mbili wakaziunganisha, ili gari liwe na springi huru mbele na nyuma. Topolino nayo ilikuwa kazi ya Giacosa. Nyuma ya dereva waliweka injini ya pikipiki ya JAP ya cc 500, na mnyororo ukazungusha ekseli. Kijana Stirling Moss alianza kujulikana kwenye mashindano akiendesha Cooper ya ukoo huo.

Viwanda navyo vilifuata njia hiyo. Mwaka 1955 BMW ilianza kutengeneza Isetta kwa kutumia injini ya silinda moja iliyotokana na pikipiki yake ya R25, yenye nguvu farasi 12. Kabla ya hapo, mwaka 1948, Piaggio ilikuwa imetoa Ape, chombo cha magurudumu matatu kilichojengwa juu ya mitambo ya Vespa. Kampuni ya Bajaj ya India ilianza kwa kuunda vyombo vya Piaggio kwa leseni, na kwa njia hiyo wazo lilelile limefika hadi vituo vya bajaji vya Dar es Salaam na Mombasa.

Vyombo hivyo vyote vya barabarani vilikuwa na jambo moja la kuvilinda: vilikwenda polepole, na breki ndogo ziliweza kuvisimamisha. Injini ya R1 inauondoa ulinzi huo.

Kuipachika injini

Injini ya pikipiki ya silinda nne hukaa kwa kukingama, na sproketi yake ya kutolea nguvu iko ubavuni. Katika Fiat 500 hilo ni faida, kwa sababu magurudumu yanayovuta ni ya nyuma. Difu ya asili inaondolewa, inawekwa difu ya mnyororo yenye sproketi kubwa, na shafti mbili fupi zinapeleka nguvu kwenye magurudumu. Mnyororo haubadilishi upande wa mzunguko. Kwa hiyo injini lazima itazame mbele kama ilivyotazama kwenye pikipiki. Ukiigeuza nyuma mbele, utapata gia sita za kurudi kinyumenyume.

Uwiano wa gia unasaidiwa na udogo wa tairi. Tairi la nyuma la R1 likizunguka mara moja linasogea karibu mita 1.95, tairi la asili la Fiat, la inchi 12, linasogea mita 1.6 tu. Gari linapata wepesi wa kuondoka bila kubadilisha jino hata moja. Wepesi huo unahitajika, kwa sababu pikipiki na mpandaji wake wana uzito wa kilo 270 hivi, na Fiat iliyofanyiwa kazi hii, dereva akiwa ndani, ina kilo 600 hivi. Klachi ya pikipiki, ambayo ni sahani nyembamba nyingi zinazoogelea ndani ya oili, inabeba mzigo zaidi ya mara mbili ya ule iliyoundwa kuubeba. Springi zake hubadilishwa kwa ngumu zaidi, na dereva anapaswa kuiachia haraka badala ya kuikalia nusunusu mlimani.

Halafu kuna rivasi. Giaboksi ya pikipiki haina. Njia mbili zimezoeleka: mota ya umeme inayong'ata meno kwenye difu, au kiboksi cha gia kinachokaa kati ya injini na difu na kugeuza mzunguko. Uingereza hili ni la kisheria, maana gari lenye uzito wa zaidi ya kilo 410 bila mzigo ni lazima liweze kurudi nyuma.

Oili inapokimbia pampu

Jambo linaloua injini hizi mapema kuliko yote halionekani kwa macho. Pikipiki ikikata kona hulala upande wa kona, na kwa kulala huko oili inabaki imetulia chini ya sampu, pale pampu inapoinyonya. Gari halilali hivyo. Likikata kona kwa nguvu ya ubavuni inayolingana na uzito wake, uso wa oili ndani ya sampu unainuka hadi nyuzi 45. Oili yote inarundikana upande mmoja, mdomo wa pampu unabaki mtupu na kunyonya hewa. Injini inayozunguka mara 10,000 kwa dakika ikikosa oili kwenye beringi za krenki hata kwa sekunde chache, inanoki.

Tiba ya bei nafuu ni kutengeneza sampu fupi na pana yenye vizuizi vya bati kuuzunguka mdomo wa pampu, vinavyoruhusu oili iingie na kuizuia isitoke. Tiba kamili ni tangi la oili la pembeni, lenye pampu ya kuifyonza oili kutoka kwenye sampu na kuirudisha kwenye tangi. Kwa gari la barabarani, tiba ya kwanza inatosha ikifanywa vizuri. Kwa gari la mashindano, ya pili haina mjadala.

Kupoza nako kunataka fikra mpya. Fiat 500 haikuwahi kuwa na rejeta. Injini ya R1 inapozwa kwa maji, na ikifungiwa nyuma ya gari haipati upepo iliouzoea. Rejeta huwekwa mbele, mabomba hupita chini ya sakafu, na feni ya umeme hufungwa kwa ajili ya foleni.

Hesabu ya joto

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Nishati mwendo ni nusu ya uzito ikizidishwa kwa kipeo cha pili cha mwendo, kwa hiyo kila ongezeko la mwendo linalipwa kwa riba.

Chukua gari letu la kilo 600. Kulisimamisha kutoka kilomita 95 kwa saa, ambao ni mwendo wa Fiat 500 za matoleo ya baadaye, breki zinameza kilojuli 209. Kutoka kilomita 160, mwendo ambao injini ya R1 inaufikia bila taabu, zinameza kilojuli 593. Joto hilo linatosha kuchemsha lita moja na robo tatu ya maji ya chai, na linaingia kwenye vyuma vya breki kwa sekunde tano na nusu tu ikiwa barabara ni kavu na tairi ni nzima. Ukigawa, unapata wastani wa kilowati 108, yaani takriban nguvu farasi 145. Breki zinatakiwa kufanya kazi inayolingana na injini nzima, na katika sekunde ya kwanza, mwendo ukiwa bado mkubwa, karibu mara mbili yake.

Dramu za mwaka 1957 haziwezi. Zikipata moto, dramu inatanuka na kujitenga na viatu vya breki, na mguu unalazimika kwenda chini zaidi. Bitana za viatu nazo zinapoteza mshiko. Kiatu cha mbele cha dramu husaidiwa na mzunguko wa gurudumu kujibana chenyewe, na msaada huo hupungua pamoja na mshiko, kwa hiyo breki inadhoofu ghafla. Dereva anahisi pedali imekuwa kama ubao: anakanyaga kwa nguvu zote, gari linaendelea kwenda.

Diski haina udhaifu huo. Iko wazi kwenye upepo, na ikitanuka inaelekea kwenye pedi badala ya kuzikimbia. Kikwazo ni nafasi. Rimu ya inchi 12 ina kipenyo cha milimita 305, na ndani yake lazima ziingie diski na kalipa. Mini inatupa mfano mzuri. Cooper S ya mwaka 1963, yenye magurudumu ya inchi 10, ilibebeshwa diski za inchi 7.5. Mwaka 1984 Mini zilipopewa magurudumu ya inchi 12, ndipo diski za inchi 8.4 zilipoingia. Anayedhani atahamisha diski kubwa za mbele za R1, zenye kipenyo cha milimita 298, atapima rimu yake na kuona kwamba kalipa haina pa kukaa.

Pedali na masta silinda

Injini ya R1 ina kabureta moja kwa kila silinda, na mvuto wa hewa unaobaki ni mdogo mno kuendesha sevo ya breki. Nguvu itatoka mguuni, kwa hiyo vipimo vya pedali na masta silinda vinapaswa kupigiwa hesabu.

Mguu unaosukuma kwa nyutoni 300, sawa na uzito wa kilo 30 hivi, kwenye pedali yenye uwiano wa tano kwa moja, unaifikishia masta silinda nyutoni 1,500. Silinda ikiwa ya milimita 19, presha kwenye mabomba inafika takriban baa 53. Ukiweka ya milimita 22 ukidhani kubwa ndiyo yenye nguvu, presha inashuka hadi baa 39. Silinda kubwa inasukuma mafuta mengi kwa presha ndogo. Pedali inakuwa fupi na ngumu, na gari halisimami.

Fiat 500 ilitumia mzunguko mmoja wa mafuta kwa magurudumu yote. Bomba moja likipasuka, breki zote zimekwenda. Weka masta silinda pacha, inayotenga mbele na nyuma. Mafuta ya DOT 4 mapya huchemka kuanzia nyuzi 230, lakini hunyonya unyevu, na yakishanyonya kipimo chake hicho hushuka hadi nyuzi 155. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa kirahisi kama upepo: pedali inafika sakafuni. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili, na toa upepo kwenye mfumo kwa subira.

Usisahau mizani ya mbele na nyuma. Fiat 500 ina uzito mwingi nyuma, lakini inaposimama kwa nguvu mzigo unahamia mbele. Magurudumu ya nyuma yakijifunga kwanza, gari linazunguka. Weka vali ya kupunguza presha ya nyuma, na uirekebishe hadi ya mbele yatangulie kujifunga. Dramu za nyuma zinaweza kubaki. Zinatosha kwa mzigo mdogo uliobaki, na hendibreki yake inafanya kazi.

Uamuzi

Ikiwa hutaki kuzibadilisha rimu za inchi 12, chagua injini ndogo. Injini ya pikipiki yenye nguvu farasi 50 ni karibu mara nne ya ile ya Giacosa, na gari la kilo 600 litakuwa jepesi, lenye raha, na lenye breki zinazolimudu. Ikiwa moyo umeshikilia 150, kubali rimu kubwa, diski pana na gharama zake. Sajili mabadiliko hayo, kwa maana namba ya injini imo kwenye kadi ya gari na bima huilipa ile iliyoandikwa.

Kisha, kabla ya safari ya kwanza, tafuta uwanja mpana usio na watu na ulisimamishe gari mara kumi mfululizo kutoka kilomita 100 kwa saa. Pedali ikibaki pale pale mara ya kumi kama mara ya kwanza, gari lako limekamilika. Ikishuka, lirudishe gereji, hata kama injini inaimba vizuri namna gani.