Mbuzi Huyu ni wa Nani?



Aliyelelewa katika miji ya mashambani ya pwani yetu, tangu Lunga Lunga na Msambweni hadi Magarini na Witu, hahitaji kuelezwa asubuhi ya mfugaji ilivyo. Swala ya alfajiri ikisha, mlango wa kwanza kufunguliwa ni wa tundu la kuku. Majogoo hutangulia kwa kelele, koo na vifaranga vyake hufuata, na mama mwenye nyumba huwarushia chicha ya nazi ya jana na punje mbili tatu za mahindi, huku akiwahesabu kwa macho. Hesabu hiyo haimpotei. Tembe mmoja akikosekana, atauliza kabla chai haijatengwa: je, ni nguchiro, ni mwewe, au amelala kwa jirani?

Mbuzi hawatoki mapema hivyo. Umande ukiwa bado majanini, mfugaji mwenye ujuzi huwazuia zizini, kwani malisho mabichi ya alfajiri ndiyo yenye kubeba minyoo. Jua likipanda kidogo hutolewa, wengine huchungwa, wengine hufungwa kamba pembezoni mwa shamba, na kamba hizo huhamishwa mara kwa mara hadi adhuhuri. Siku za shule kazi hii humwangukia mama au bibi. Siku za mapumziko humwangukia mtoto. Alasiri hukatwa majani ya lusina yakatundikwa zizini, maji huchotwa, watoto wa mbuzi hutengwa na mama zao, na kabla ya magharibi idadi huhesabiwa tena. Masika yakishika, kuna kwato zinazooza na zizi lisilokauka. Kiangazi, kuna safari ndefu ya maji.

Kazi hii naitaja kwa makusudi, kwa sababu mwenye kuifanya siye mwenye kutajwa. Mpita njia akiuliza, ataambiwa, “Hawa ni mbuzi wa mzee fulani.” Na mzee mwenyewe akiulizwa na dalali atajibu, “Wangu.” Ilhali ukiketi na watu wa nyumba hiyo kwa nusu saa utagundua kwamba zizi moja lina wenyewe wanne au watano. Wapo wa mzee. Wapo wa mkewe, waliotokana na mbarika mmoja aliyepewa na babake alipoolewa. Yupo wa binti, aliyenunuliwa na bibi yake siku ya akika. Wapo wawili wa shemeji aliyeko Mombasa, wanaofugwa tu hapo. Kila mtu wa nyumba hiyo anayajua haya, na hakuna hata mmoja aliyeyaandika.

Kuku wana nafuu kidogo. Ada yetu imekwisha kuwakiri kuwa ni wa mama: mayai ndiyo sabuni, ndiyo daftari la mtoto, ndiyo mchango wa chama. Hata hivyo, akifika mgeni, mume huagiza achinjwe kuku kana kwamba amemtoa mfukoni mwake. Wanazuoni wetu wanasema ridhaa inayojulikana kwa ada inatosha, na mke mkarimu haoni dhiki kwa kuku mmoja wa mgeni. Sisemi basi kila kuku aandikiwe hati. Lakini kumkamata koo anayeatamia, aliyebakiza siku tatu katika zile 21, akauzwe bila mwenyewe kuulizwa, hiyo si ada, ni kula mali ya mtu.

Nina sababu ya kuonelea kwamba milki isiyojulikana hudhuru hata wanyama wenyewe. Tazameni kideri. Maradhi haya yakiingia kijijini yanaweza kumaliza tundu zima kwa siku chache, na hayana dawa ya kuponya. Kilichopo ni chanjo tu, tone moja jichoni, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Chupa moja ndogo hutosha kuku mia au zaidi, kwa hiyo majirani wanaweza kuchangiana. Tatizo ni nani atakayechanga. Mume huona kuku si wake. Mke huona fedha za nyumba si zake, na za mayai zimekwisha kwenye ada ya mtihani. Mwezi ukipita hivyo, hubaki manyoya. Mama aliyekubaliwa kwamba kuku ni wake, na fedha zake ni zake, huwa wa kwanza kumfuata mchanjaji.

Turejee kwenye mbuzi, maana huko ndiko kwenye mali na ndiko kwenye magomvi.

Sharia imeliweka wazi jambo moja ambalo wengi hulisahau: mtoto wa mnyama humfuata mama yake katika milki. Mbarika wa mke akizaa, kizazi ni cha mke. Haidhuru beberu alikuwa wa mume, wala haidhuru walilala zizi la mume na kula majani ya shamba la mume. Tena Mtume, rehma na amani zimshukie, alikataza kutoza malipo kwa ajili ya dume kupanda, basi mume hana hata ujira wa beberu wake wa kudai. Mbuzi hubeba mimba kwa kiasi cha miezi mitano na mara nyingi huzaa pacha. Mbarika mmoja wa harusi, kwa miaka saba au minane, wakiuzwa madume na kufa wenye kufa, anaweza kuwa ukoo wa mbuzi wanane. Wote wanane ni wa mke.

Na mke wa Kiislamu hachanganyiki mali na mumewe kwa ndoa. Mahari yake, urithi wake, hidaya aliyopewa na alichochuma kwa mkono wake ni chake, na nafaka ya nyumba inabaki kuwa juu ya mume hata kama mke ana zizi zima.

Wapo wanaochanganyikiwa na hukumu ya zaka. Wamesikia, na ni sahihi kwa madhehebu yetu ya Shafii, kwamba mbuzi wa watu wawili waliochanganywa mwaka mzima, wakachungwa pamoja katika malisho ya bure, wakanywa pamoja, wakalala pamoja na kupandwa na dume mmoja, huhesabiwa kama kundi moja. Mume ana 25, mke ana 15, jumla ni 40, na zaka ya 40 ni mbuzi mmoja. Basi husema, “Unaona? Hata dini imewafanya kuwa kundi moja.” Hawaendelei kusoma mstari unaofuata. Mbuzi huyo akitolewa katika wale wa mke, mume atamlipa mkewe sehemu yake, yaani thamani ya mafungu matano katika manane ya mbuzi yule. Hukumu iliyowakusanya kwa zaka ndiyo hiyo hiyo iliyohifadhi milki ya kila mmoja.

Siku za kukaribia Idi ya kuchinja mambo huzidi kukorogeka. Madalali hupita miji kwa miji wakinunua wa kupeleka Mariakani na Mombasa, bei hupanda, na mkono wa mume huwa mwepesi. Wengine humchagua dume mzuri kuliko wote wamchinje wao wenyewe. Dume huyo mzuri, aliyetimiza miaka miwili kama madhehebu yetu yanavyotaka, asiye kilema wala chongo, huenda akawa ni wa mke au wa mtoto. Udh-hiya ya mbuzi wa mwenzio bila idhini yake haiwi udh-hiya yako. Ni neno moja tu la kuuliza, na sijapata kusikia mke aliyeulizwa kwa heshima akakataa.

Mtoto naye ana haki yake. Mbuzi aliyepewa na bibi yake ni wake, na baba ni mlinzi wa mali hiyo, si mrithi wake. Akimuuza kwa maslahi ya mtoto huyo huyo, mathalani ada ya shule, hilo lina njia katika fiqhi. Akimuuza kwa ajili ya pikipiki, hapo ana deni.

Lakini yote hayo ni ya watu walio hai, na walio hai husemeshana. Balaa hufika mume anapofariki.

Baada ya mazishi na siku za matanga, wanaume wa ukoo husimama zizini kuhesabu. Mjane hayupo. Yeye yumo ndani katika eda yake ya miezi minne na siku kumi, na haya zinamzuia kutuma neno kuhusu mbuzi ilhali kaburi halijakauka. Walio zizini ni ndugu wa marehemu, nao wanajua kitu kimoja tu: hawa ni mbuzi wa mzee fulani.

Tuchukue mfano. Zizi lina mbuzi 32. Marehemu ameacha mjane mmoja, watoto wa kiume wawili na mabinti watatu, na gharama za mazishi, madeni na wasia vimekwisha kutolewa. Wakihesabiwa wote kuwa mali ya marehemu, mjane hupata thumni, yaani mbuzi 4. Hubaki 28, kila mwana wa kiume hupata 8, kila binti 4. Hesabu imekaa sawasawa, hapana aliyedhulumiwa kwa kalamu, na msomi aliyeigawa atakwenda zake akiwa na dhamiri safi. Sasa tuseme wanane katika hao walikuwa wa mjane mwenyewe, kizazi cha mbarika wake wa harusi. Tarika ya marehemu ni mbuzi 24. Thumni yake ni 3, wavulana hupata 6 kila mmoja, mabinti 3 kila mmoja. Mjane anatoka na wanane wake na watatu wa urithi, jumla 11. Tofauti ya 4 na 11 ni tofauti ya mjane atakayeendelea kuishi kwa zizi lake na mjane atakayengojea kuletewa kibaba.

Mahakama ya Kadhi, ambayo katiba ya mwaka 2010 imeipa mamlaka ya mirathi baina ya Waislamu, inaweza kumsikiliza. Lakini kadhi atamwuliza ushahidi, naye mama mwenye wanane katika 32 atautoa wapi, baada ya miaka ishirini ya “wetu”?

Ushahidi hutengenezwa mapema, na si kazi ngumu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, imekuja kutuelekeza kuandika madeni. Daftari la shule la kurasa 32 latosha: jina la mwenye mbuzi, rangi ya mbuzi, mama yake ni nani, tarehe ya kuzaliwa, ameuzwa lini na fedha amepewa nani. Binti wa darasa la sita ataliandika vizuri kuliko mimi na wewe. Fauka ya hayo, alama ya sikio. Anas bin Malik amepokea kwamba alimkuta Mtume akitia alama kondoo zizini, nayo ilikuwa masikioni. Usoni ndiko kulikokatazwa. Kila mwenye mali na awe na mkato wake, na majirani waujue.

Mume anayetaka kumpa mkewe mbuzi, naye ampe. Hapa nasema wazi kwamba nawaona wengi wetu wagumu. Mke aliyechunga, akachota maji na kukesha na mbuzi wenye kuzaa kwa miaka ishirini, hamiliki kwa kazi hiyo peke yake kwa mujibu wa madhehebu yetu, ingawa wako wanazuoni wa Kimaliki wa milima ya Morocco waliofutu kwamba mke wa shamba atolewe fungu la jasho lake kabla ya kugawanywa mirathi. Sisi hatuna fatwa hiyo, lakini tuna mlango wa hiba ulio wazi. Sharti lake ni kukabidhi. Kusema barazani “wale weupe wawili ni wa mama watoto,” kisha ukaendelea kuwauza upendavyo, hakujakamilisha kitu. Mkabidhi mbele ya watu wawili, mkate sikio kwa alama yake, na daftarini aandikwe siku hiyo hiyo.

Wamebaki wale wawili wa shemeji aliyeko mjini. Desturi yetu ni kufugiana kwa kugawana: wewe lete mbuzi, mimi nichunge, tutagawana watoto. Madhehebu yetu hayaipitishi, kwa kuwa mchungaji anafanya kazi kwa ujira usiojulikana. Pengine mbuzi atazaa pacha, pengine hatazaa kabisa. Njia iliyo salama ni mwenye mbuzi kumuuzia mchungaji nusu ya mbuzi yule kwa bei nafuu, hata kwa mkopo, wakawa washirika. Hapo kila kizazi kitakuwa nusu kwa nusu tangu siku ya kuzaliwa, na mmoja wao akifariki, warithi watajua nusu ipi waihesabu.