Ustadi wa Faibaglasi Uandamane na Hadhari

Kuunda mfano wa meli ni kazi ya ustadi, wala si mchezo wa watoto kama wengi wadhanivyo. Anayetaka kuipunguza meli hadi ienee mezani, na bado ielee sawasawa majini, hana budi kujua hesabu, vifaa na tabia ya maji. Mafundi wengi wa majumbani hutumia faibaglasi, yaani kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa kwa resini igandayo. Manufaa yake ni makubwa, na hatari zake si ndogo.

Manufaa ya kwanza ni wepesi. Tuchukue Liemba, meli mashuhuri ya Ziwa Tanganyika, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913. Urefu wake ni mita 71 hivi. Kwa kipimo cha 1 kwa 100, mfano wake utakuwa sentimita 71. Lakini uzito haupungui mara mia. Kwa kuwa urefu, upana na kina vyote hupunguzwa, uzito hupungua mara milioni moja. Meli ya tani 1,000 hutoa mfano wa kilo 1 tu, pamoja na mota na betri zake! Gogo lililochongwa kwa pupa litazama kupita mstari wake wa maji. Ganda la faibaglasi lenye unene wa milimita 1 hivi litaelea.

Wala asiseme mtu kwamba faibaglasi haistahili kuitwa kifaa cha meli. Jeshi la majini la Uingereza lilianza kuitumia Wilton, manowari ya kusaka mabomu ya baharini, mwaka 1973. Ganda lake lote lilikuwa la faibaglasi, kwa sababu haina sumaku ya kuyaamsha mabomu hayo.

Siri ya kazi hii imo katika kalibu. Kwanza huchongwa kielelezo cha mti, kikapigwa msasa na rangi hadi king'ae, maana kila mkwaruzo utajitokeza katika kazi. Kielelezo hupakwa nta mara kadhaa ili kisinate, kisha hufunikwa kwa faibaglasi nene, nayo ndiyo kalibu. Ikiwa ubavu umejikunja kwa ndani, kalibu iwe ya vipande viwili, la sivyo ganda halitatoka. Kalibu nayo hupakwa nta, ikapakwa resini nzito ya juu, kisha matabaka ya kitambaa hulazwa ndani na kugongwagongwa kwa brashi hadi mapovu yote yatoke. Kwa njia hiyo, fundi akichonga mashua moja ya kuokolea, atapata ishirini zilizo sawa kabisa.

Hapo ndipo hadhari inapotakiwa. Resini ya polyester hutoa mvuke unaodhuru, na kitambaa cha kuzuia vumbi hakiuzuii mvuke huo. Kazi ifanyike mahali penye hewa ya kutosha, mbali na moto, wala si jikoni. Kichocheo chake hutiwa kidogo sana, kwa kawaida sehemu 1 au 2 kwa sehemu 100 za resini. Kikizidi, resini huchemka, hupasuka, na yaweza kuwaka. Tone moja likiingia jichoni laweza kupofusha. Miwani ya kukinga ivaliwe tangu mwanzo, na ajali ikitokea jicho lioshwe papo hapo kwa maji mengi, kisha mtu apelekwe hospitali. Kichocheo na dawa ya kobalti ya kuharakisha visichanganywe peke yake kamwe, kwani hulipuka. Vumbi la kukatia nalo lizuiwe kwa kupiga msasa wa maji.

Jambo moja twalisisitiza zaidi. Dawa hizi zisihifadhiwe katika chupa za soda au za maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hasomi maandishi, na chupa aliyoizoea haimpi onyo lolote.

Hatusemi haya ili kuwakatisha tamaa vijana wenye mikono ya kuumba. La hasha! Fundi hodari hajulikani kwa uzuri wa chombo chake peke yake, bali pia kwa usalama wa nyumba alimokiundia. Wazazi na walimu wanaowaona vijana wakivutiwa na kazi hii wasiwakataze. Wawatafutie miwani, glavu na kivuli chenye upepo, kisha wawaache waunde.