Daraja la London na Miguu Yake

Leo sungura na fisi wapumzike, wanangu. Nitawasimulia habari za daraja, na kila nitakalosema lilitokea kweli. Lilikuwa London, Uingereza, juu ya mto Thames, na lilisimama zaidi ya miaka 600.

Kabla yake palikuwa na madaraja ya mbao. Hili linaungua, lile linaharibiwa na mafuriko, na kila mara watu wanaanza upya. Mwaka 1176 padri mmoja, Peter de Colechurch, akaanza kujenga la mawe. Mfalme Henry II akatoza kodi ya sufu ili kazi ipate fedha, na watu wa mji wakawa wanasema daraja lao limejengwa juu ya magunia ya sufu. Msidhani kuna gunia lililotumbukizwa mtoni! Walimaanisha kodi yao.

Sasa ninyi mliokulia Lamu, Pemba au Mtwara mtanielewa upesi. Mji uko mbali na bahari, lakini Thames hapo hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Chini ni tope na changarawe, na maji hayatulii. Utasimamishaje nguzo ya mawe mahali kama hapo?

Mafundi walisubiri maji yapwe. Wakachonga ncha magogo ya mti uitwao elmu, ambao ukizama majini moja kwa moja huchukua miaka mingi mno bila kuoza. Wakayasimamisha, wakayapigilia chini kwa uzito mkubwa uliovutwa juu kwa kamba kisha ukaachiwa. Puu! Gogo linazama kidogo. Wanavuta tena, puu! Maji yakianza kujaa, wanaacha na kungoja. Magogo yaliyopangwa yakibanana yalizunguka eneo lenye umbo la mtumbwi, ncha moja ikitazama juu ya mto na nyingine chini, ili mkondo upasuke na kupita pembeni. Ndani wakajaza mawe na vifusi mpaka pakashindiliwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa miguu ya daraja, na juu yake waashi wakainua nguzo kwa mawe na chokaa.

Kati ya nguzo na nguzo wakajenga tao. Kwanza waliunda fremu ya mbao, wakapanga juu yake mawe yaliyochongwa, membamba upande wa chini na mapana upande wa juu. Jiwe la mwisho likiingia katikati kileleni, fremu huondolewa na tao halianguki, kwa sababu kila jiwe linataka kushuka na jirani zake wanalizuia. Uzito wote unasukumwa pembeni, unaingia kwenye nguzo, unashuka hadi kwenye miguu. Matao yalikuwa 19, tena hayakulingana upana. Sehemu moja ilifunikwa kwa mbao zilizoweza kuinuliwa, meli zipite au adui azuiwe.

Kazi ilichukua miaka 33. Padri Peter alifariki mwaka 1205, akazikwa kwenye kikanisa kilichojengwa juu ya daraja lenyewe. Likamalizika mwaka 1209, yeye hayupo.

Miguu ile minene, hata hivyo, ilikuwa na matata yake. Iliziba zaidi ya nusu ya upana wa mto, na maji yote ya Thames yakalazimika kujibana kwenye mianya iliyobaki. Maji yakipwa, upande wa juu yalibaki yamejaa na upande wa chini yameshuka, tofauti ikifika karibu mita 2. Kila tao likageuka maporomoko! Abiria wenye busara walishuka mashuani kabla ya daraja, wakatembea hadi upande wa pili, wakapanda tena. Waliobaki chomboni wakati mwingine walizama. Na kwa kuwa upande wa juu maji yalikwenda taratibu, katika miaka ya baridi kali mto uliganda hata watu wakaweka vibanda na kufanya biashara juu ya barafu.

Juu ya daraja penyewe palikuwa mtaa kamili. Mwaka 1358 walihesabu maduka 138, na watu waliishi ghorofani, dirisha likichungulia mto. Kodi za pango zilikuwa uhai wa daraja, maana ndizo zilizolipa mafundi wa kukarabati. Mfalme Henry III alipompa mkewe, malkia Eleanor, mapato hayo, matengenezo yakasahaulika. Majira ya baridi ya 1281 kuingia 1282, barafu ikagandamiza nguzo, na matao matano yakaanguka. Mimi simlaumu fundi hapo hata kidogo.

Njia ilikuwa nyembamba, mikokoteni ikikutana inakwama. Mwaka 1722 meya wa London akaamuru vyombo vyote vishike upande wa kushoto. Amri hiyo ni miongoni mwa za kwanza za aina yake nchini humo, na desturi hiyo ya kushika kushoto ndiyo Waingereza waliyokuja nayo kwetu. Ndiyo maana Kenya, Uganda na Tanzania magari yanapita kushoto, na wenzetu wa Rwanda, Burundi na Kongo wanapita kulia.

Baadaye nyumba zikabomolewa, na mwaka 1759 nguzo moja ya katikati ikaondolewa ili meli zipate nafasi. Matao mawili yakawa moja kubwa. Maji yakakimbilia hapo kwa nguvu, yakaanza kuchimba sakafu ya mto na kula miguu ya jirani, na mafundi wakawa wanamwaga mawe mtoni mwaka hadi mwaka. Mwaka 1831 daraja jipya likafunguliwa hatua chache kutoka hapo, na lile la zamani likavunjwa.

Lakini fedha zake hazikuvunjwa. Kodi za pango na michango ya karne nyingi vilikuwa vimewekwa katika mfuko wa daraja, na mfuko huo uko hadi leo. Ndio uliojenga Tower Bridge, lile lenye minara miwili mnaloliona kwenye picha, lililofunguliwa mwaka 1894, na ndio unaolitunza.