Seva ya Masomo na Radi za Ziwa Victoria

Jua linapozama ng'ambo ya kisiwa cha Saanane, nchi kavu huanza kupoa upesi kuliko maji. Hewa hutiririka kutoka pande zote za ziwa, hukutana katikati, hupanda juu ikiwa imesheheni mvuke, na baina ya usiku wa manane na alfajiri ngurumo hutanda. Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yapigwayo na radi nyingi kabisa duniani. Wavuvi wa dagaa wanazijua saa hizo. Mwingine apasaye kuzijua ni mtunza seva ya masomo, kwa kuwa saa 8 usiku, wanafunzi wanapolala, ndipo seva nyingi hupangiwa kujitolea nakala rudufu.

Seva ni kompyuta iwashwayo usiku na mchana ili kuzihudumia kompyuta na simu nyingine. Vyuo vingi huendesha humo programu ya Moodle, iliyobuniwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa bure kwa mara ya kwanza mwaka 2002. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye kituo mkoani Mwanza, huitumia. Hivyo mwanafunzi aliyeko Ukerewe aweza kuwasilisha zoezi lake bila kupanda kivuko.

Mfumo huo una sehemu tatu. Ya kwanza ni programu yenyewe, ambayo ikiharibika hupatikana tena kwenye intaneti. Ya pili ni hifadhidata, yaani daftari la majina, majibu na alama. Ya tatu ni ghala la mafaili waliyoyaleta wanafunzi na walimu. Hizi mbili za mwisho hazipatikani pengine popote. Tena zinategemeana: ghalani kila faili hupewa jina linalokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake, na jina alilolipa mwanafunzi huandikwa katika hifadhidata tu. Anayenakili ghala peke yake hubaki na rundo la karatasi zisizo na wenyewe. Ndiyo sababu hifadhidata hunakiliwa kwanza na mafaili baadaye. Faili lililozidi halidhuru. Lililopungua ni kazi ya mtu iliyopotea.

Sasa umeme ukatike katikati ya shughuli hiyo. Nakala iliyokatika nusu huonekana diskini kama faili lolote lile, ina jina na tarehe. Betri ya akiba husaidia, lakini radi haizuiliwi na betri, na Mwanza ina shida yake: mji umesimama juu ya graniti, mwamba usiopitisha umeme kwa urahisi, na hivyo waya wa kuupeleka umeme wa radi ardhini ni kazi ngumu kuufanikisha. Disiki ya akiba iliyochomekwa kando ya seva huweza kuungua pamoja nayo. Hapana budi nakala moja ikae mbali, Bukoba au Dodoma. Kuiweka ng'ambo ya bahari peke yake nako kuna hatari yake, kwani tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipoharibika, intaneti ya Tanzania ilidhoofika mno.

Hata hivyo adui mkubwa si radi. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab, inayotunza kazi za waandishi wa programu, alifuta hifadhidata ya seva aliyodhani ni nyingine. Kampuni ilikuwa na njia 5 za kujikinga, na hakuna hata moja iliyotegemeka. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo 9.2 ilhali hifadhidata ilikwisha pandishwa hadi 9.6, kwa hiyo ilishindwa kila siku, na barua za kuonya zilikataliwa njiani. Waliokolewa na nakala iliyotolewa kwa mkono saa 6 kabla, kwa kusudi jingine kabisa. Kazi ya saa hizo 6 ilipotea.

Kisa hicho chaonyesha kwamba kupandisha toleo na kunakili ni kazi moja. Moodle 4.5, iliyotolewa Oktoba 2024, haiwekwi juu ya toleo lolote la zamani: seva sharti iwe imefika walau 4.1.2, na PHP, lugha ya programu inayoiendesha, iwe 8.1 au zaidi. Mtunzaji makini hachezei seva yenyewe. Huchukua kompyuta ya pili, hata iliyochakaa, huirejeshea nakala ya jana, kisha hupandisha toleo hapo. Ikiwa alama za darasa moja zasomeka na faili la mwanafunzi mmoja lafunguka, amepata majibu mawili kwa jaribio moja. Hapo pia aitazame saa yake. Ikiwa kurejesha kumechukua saa 9, mkuu wa mitihani aelezwe idadi hiyo kabla ratiba haijabandikwa ukutani.