Dabi isigande: Kagua dishi kabla ya kipenga

Dakika ya 89, Simba na Yanga ni 1-1, krosi inapigwa... picha inaganda. Mara kelele zinatoka kibanda umiza cha jirani. Kafunga nani?

Wana Nkoaranga mnaijua hiyo. Tangu Arusha iage analojia mwaka 2013, chenga za kuvumilia hakuna: mawimbi yakipungua sana, picha inakatika.

Antena ya kawaida inataka kuona mnara. Ukikaa bondeni, au kilima kikikukinga, utahangaika nayo, bora dishi. La Azam TV, wanaoonyesha Ligi Kuu, linatazama magharibi, nyuzi kama 55 juu. Kwa hiyo Mlima Meru, pamoja na mita zake 4,562, hauna kosa. Mchawi ni matawi ya mti yaliyorefuka tangu fundi aondoke, au bomba lililolegea: upepo ukilisogeza kidogo tu, kwisha habari.

Kabla ya kulipia kifurushi, uliza kwanza: chaneli inayoonyesha timu yako imo? Cha bei nafuu kisicho na mechi ni hasara.

Pogoa matawi na kaza nati Ijumaa. Siku ya dabi fundi hapokei simu, naye anaangalia mpira.