Kisimbuzi, redio ya gari na betri moja: habari iwafikie wote

(Muziki wa utambulisho. Unashuka taratibu.)

MTANGAZAJI: Uwe Nyarugusu nchini Tanzania, Kakuma nchini Kenya au Nakivale nchini Uganda, karibu katika kipindi chetu. Leo ni zamu ya ufundi, kwa hiyo kaa karibu na kalamu na karatasi.

Katika maeneo mengi kuna mtu mwenye dishi na kisimbuzi kinachoshika redio kwa satelaiti. Sauti hutoka kwenye spika ndogo, na watu thelathini wamejazana mlangoni. Tangazo linasema, "Wanaotaka kurudi kwa hiari wajiandikishe." Aliyesimama nyuma anakosa maneno mawili tu, "kwa hiari". Anafika nyumbani na kusema, "Watu wanaandikishwa warudishwe." Usiku huo huo jirani anaanza kufunga mizigo. Ndiyo sababu leo tunaeleza jinsi ya kuunganisha kisimbuzi na redio ya gari iliyotumika, ili wote wasikie maneno yale yale.

Kwanza, kununua. Redio iliyotoka kiwandani pamoja na gari mara nyingi ina kinga ya wizi. Ikikatiwa umeme, kiooni huandika CODE na haifanyi kazi mpaka uingize namba yake ya siri. Usitoe pesa kabla hujaiona ikiwaka na ikilia. Muulize muuzaji namba hiyo pamoja na mahali redio ilikotoka. Asiyejua namba huenda hata redio si yake.

Pili, tazama sauti itaingilia wapi. Tafuta tundu dogo la duara lililoandikwa AUX, usoni au nyuma ya redio. Kisimbuzi nacho nyuma kina matundu mawili ya sauti, jekundu na jeupe. Nunua waya wenye pini nyekundu na nyeupe upande mmoja, na pini moja ndogo kama ya simu upande wa pili. Chomeka, kisha bonyeza kitufe cha kuchagua mpaka kioo kiandike AUX. Kama redio ni ya zamani na haina AUX lakini ina kaseti, ipo kaseti ya bandia yenye waya, nayo inafanya kazi hiyo hiyo.

Angalizo: usichukue waya za spika za redio nyingine ukaziingiza kwenye AUX. Umeme wa spika ni mkubwa, unaweza kuunguza tundu hilo. Kama huna kisimbuzi bali redio ndogo ya mkono, tumia tundu lake la visikilizio, na anza na sauti ya chini.

(Muziki mfupi.)

Tatu, umeme. Redio ya gari hutumia betri ya volti 12. Ina waya tatu muhimu: wa umeme wa kudumu, wa kuwasha, na wa hasi. Katika redio nyingi za dukani rangi zake ni njano, nyekundu na nyeusi. Lakini za kiwandani hutofautiana gari kwa gari, kwa hiyo usikisie. Soma karatasi iliyobandikwa juu ya redio: BATT ni wa kudumu, ACC ni wa kuwasha, GND ni wa hasi. Kama karatasi imetoka, mpelekee fundi mwenye mita.

Kwenye chanya ya betri, karibu kabisa na betri, weka fyuzi ya ukubwa ulioandikwa kwenye redio. Baada ya fyuzi, waya wa kudumu uende moja kwa moja, na waya wa kuwasha upitie swichi. Ukipitisha zote mbili kwenye swichi, redio itadai namba ya siri kila unapoizima na kuiwasha. Waya wa hasi uende kwenye hasi ya betri. Funga maungio yote kwa utepe wa umeme, na fyuzi uichomeke mwisho.

Kila spika ina waya zake mbili. Usiunganishe hasi za spika mbili pamoja, wala usizipeleke kwenye hasi ya betri. Redio nyingi hufa hapo.

Kisimbuzi kina umeme wake. Soma nyuma yake: kikiandika volti 12 kinaweza kutumia betri hiyo hiyo, nacho kiwe na fyuzi yake. Na paneli ya jua isiunganishwe na redio moja kwa moja, maana hutoa volti nyingi kuliko 12. Ipitie kidhibiti chaji.

Sasa tupige hesabu. Tuseme betri ni ya saa-ampea 50. Tumia nusu tu, yaani 25, ili isife mapema. Redio na kisimbuzi vikila ampea 3 kwa pamoja, mna saa 8. Kwa saa moja ya habari kila jioni, ni wiki nzima bila kuchaji.

Betri ikae penye hewa, mbali na jiko na mahali pa kulala watoto, kwa sababu wakati wa kuchaji hutoa gesi inayoweza kulipuka.

Mwisho, mweleze kiongozi wa eneo lenu, mkubaliane saa ya kusikiliza na nani atachaji betri. Wazee na wasioona vizuri wakae mbele. Na tangazo likihusu kurudi, chakula au usajili, mmoja aandike, kisha awasomee wote kabla hamjatawanyika. Msipoelewa, nendeni ofisi inayohusika mkaulize, kabla ya kufunga mizigo.

Hadi wiki ijayo, kaeni salama. Kwaherini.

(Muziki wa kufunga.)