Hakimu Hupimaje Adhabu ya Kosa la Simu?

Baba mmoja wa hapa Mutshatsha alinijia jioni, mwanawe akimfuata nyuma, kichwa chini. Kijana alikuwa amepitisha katika simu habari ya uwongo, kwamba jirani yao ni mwizi. "Mwalimu," akasema baba, "wakimpeleka tribunali, atafungwa miaka mingapi? Sokoni wanasema ishirini."

Nilijua hesabu hiyo imetoka wapi. Wasomaji wengi wanaikumbuka kesi ya mwandishi wa magazeti Stanis Bujakera, aliyekamatwa Kinshasa tarehe 8 Septemba 2023. Alishtakiwa ya kuwa alighushi waraka wa idara ya usalama na kueneza habari za uwongo, mwenyewe alikana. Mwezi wa Machi 2024 mwendesha mashtaka aliomba afungwe miaka 20. Lakini tarehe 18 ya mwezi ule ule, tribunali ya Gombe ilimhukumu miezi 6 na faini ya faranga 1,000,000. Tazameni umbali uliopo!

Mwendesha mashtaka huomba tu. Akataye ni hakimu. Wala hakati kwa hasira yake, maana sheria imemwekea mpaka wa chini na mpaka wa juu. Sheria ya Mambo ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, kifungu cha 360, yasema ya kwamba mtu anayeanzisha habari ya uwongo juu ya mwenzake, au anayeipitisha, atafungwa mwezi 1 hata 6, na kutozwa faranga 500,000 hata 1,000,000, au mojawapo ya adhabu hizo. Liangalieni neno "anayeipitisha". Vijana wetu hudhani kosa ni la yule aliyeandika kwanza!

Ndani ya mipaka hiyo hakimu hupima. Ikiwa mashtaka ni mengi, Kitabu cha Sheria za Adhabu, cha tangu 1940, chamwamuru kujumlisha adhabu, lakini jumla ya vifungo isipite miaka 20. Ikiwa tendo ni moja tu lenye majina mengi ya makosa, hutoa ile adhabu kubwa peke yake. Tena akiona sababu za kumhurumia mkosaji, kama vile hajapata kukosa kabla, aweza kupunguza hata chini ya mpaka. Ila sababu hizo lazima aziandike katika hukumu. Nazo siku alizokaa gerezani akingoja huhesabiwa zote. Bujakera alikuwa amekwisha kukaa zaidi ya miezi 6, na kesho yake akatoka.

Je, watoto? Sheria ya mwaka 2009 haimhesabii kosa la jinai aliye chini ya miaka 14. Wa miaka 14 na kuendelea, ambaye hajatimiza 18, huenda mbele ya tribunali ya watoto, ambayo yaweza kumkemea na kumrudisha kwa wazazi, au kumweka mahali pa malezi.

Mwana wa baba yule ana miaka 16. Baba alishusha pumzi, akataka kuaga. Nikamwuliza kama jirani ameambiwa neno lo lote, maana habari ile ilikuwa bado inatembea katika simu za watu. Kijana akajibu, "Bado, Mwalimu." Wakaondoka wote wawili kwenda kwake, ingawa giza lilikuwa limekwisha kuingia.